Vitambaa Vyekundu vya Fundi wa Uani

Nilianza kumjua kwa miguu. Miguu miwili imetokeza chini ya gari, visigino chini, vidole juu, ndara moja imechomoka, na jua la saa sita limeisimamia. Haikutikisika. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza Doha, kwenye nyumba ya Muaither anakoishi binti yangu Mariamu, nami nilikuwa nimetoka uani kuanika khanga. Nilipiga ukelele, beseni likanitoka mkononi. Miguu ikajivuta ndani, na upande wa pili wa gari kikatoka kichwa cha mzee mwembamba mwenye nyusi nyeupe, akaniuliza kwa adabu nani amekufa.

Niliokota beseni. Miguu ya namna ile nilikuwa nimeiona mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na minne. Kwetu ni Kagera, karibu na mpaka. Siku ndege za upande wa pili zilipokuja mchana, mdogo wangu Ishaka alikimbilia chini ya lori. Alikuwa na miaka sita. Zilipopita, miguu yake ilikuwa nje ya lori, mizima, haina hata mkwaruzo. Nilimwita atoke. Nilimwita muda mrefu sana kabla mama hajaja kunishika mdomo.

Wapangaji wote walimwita yule mzee Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake sikulitumia hata siku moja. Wazazi wake na ukoo wake sivijui, na wala si kazi yangu kuvijua. Ninachokijua ni miaka saba ya mchana. Kwa miaka hiyo mikono yake ndiyo iliyofunga breki za gari lililompeleka mjukuu wangu shule na kumrudisha, na karibu muda wote huo nilijua kwamba mikono hiyo hiyo ilirusha ndege za vita za upande wa pili. Nilitaka kujua jambo moja, kama ni yeye. Na jambo nililoogopa kulijua lilikuwa hilo hilo.

Nyumba yenyewe ni vila kubwa iliyokatwakatwa vyumba. Sisi tulikuwa na viwili vya chini. Fundi alikaa nyuma kwenye mulhaki, kile kijumba cha uani ambacho Waarabu humjengea dereva wao. Alimwendeshea na kumtengenezea magari mzee mwenye nyumba kwa miaka thelathini. Mzee akafa, watoto wake wakamwacha pale kwa wasia wa baba. Ndipo akawa fundi wetu sisi wapangaji, hapo hapo uani, bila gereji wala shimo, kwa jeki mbili, magogo manne ya mbao, na sanduku la spana zilizopangwa kwa ukubwa kama watoto wa nyumba moja.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Kila kitu kwake kilikuwa "hii" na "moja". Mimi niliyeishia darasa la nne nilikuwa namsahihisha, maana sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na wanaosema hawajakosea. Nikimwambia, Fundi, sema gari hili, ananijibu kutoka chini huko, "Mama Mariamu, hii gari haijui hiyo maneno. Inajua tu kama nati imefungwa."

Masikio yake yalinitisha kabla ya jambo jingine lolote. Mariamu akiwa bado huko kwenye kipilefti, Fundi anasema anakuja, na tairi ya nyuma ya kulia inalia. Mimi nasikia viyoyozi tu, vile vinavyodondosha maji ukutani mchana kutwa. Baada ya muda gari linaingia getini, na kweli tairi linalia. Injini aliisikiliza kwa mpini wa fagio, ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, macho amefumba, kama mkunga. Kulikuwa na kijana wa Kenya chumba cha juu, mlinzi wa hoteli. Fundi alimkataza kwenda Al Wakrah na gari lake siku hiyo. Kijana akacheka, akamwambia, buda, gari iko sawa, wacha kunishtua. Mkanda wa injini ulikatika nusu ya njia, na juani pale alikaa mpaka midomo ikapasuka. Alirudi na mfuko wa machungwa, akaushusha mlangoni kwa Fundi bila kusema kitu, na tangu hapo akawa anamwamkia kwa mikono miwili.

Lakini kulikuwa na usikivu mwingine ambao haukuwa wa magari. Angekuwa anafuta spana, mara anasimama, anainua kidevu, anatazama juu. Juu hamna kitu, mbingu tupu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Anahesabu kwa vidole. Ndipo baadaye, wewe umeshasahau, mlio unakuja. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya taifa ndege za jeshi la huku hufanya mazoezi juu ya mji, na watoto hupanda mapaa kuzipungia. Fundi husema, "Nne. Moja injini yake si nzuri." Kisha anaweka spana chini, anaingia chini ya gari, na hafanyi kazi yoyote. Analala tu huko, mikono kifuani, mpaka zimalizike.

Na kila alichokifanya alikifanya saa sita. Mtu aliyekaa Doha anajua kiangazi saa sita ni kitu gani. Hata serikali imekataza kazi za juani saa hizo. Paka wamelala chini ya magari, barabara imenyooka tupu, unaweza kudhani watu wote wamehamishwa ukaachwa wewe. Saa hiyo ndiyo Fundi anatoka msikitini, anavua kanzu, anaitundika kwenye msumari, anaingia chini. Nilimuuliza kwa nini asingoje jua lipungue.

"Saa sita kivuli ya mtu iko chini ya miguu yake," akasema. "Kutoka juu huwezi kumwona. Ni saa nzuri kwa mtu wa chini."

Nikadhani joto limempanda kichwani.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonifungulia mengine yote. Fundi alikuwa na vitambaa saba vyekundu, vipande vya urefu wa kiganja, vimepindwa kingo kwa mkono. Akifungua kitu kwenye gari, hapo hapo anafunga kitambaa. Kwenye tairi kimoja, kwenye usukani kimoja, kwenye mfuniko wa mafuta ya breki kimoja. Mwezi wangu wa pili pale nilitoka uani nikakuta gari la binti yangu limefungwa vitambaa vyekundu saba, na mwenyewe hayupo, amekwenda kuswali. Niambie wewe mwanamke wa kwetu ungefikiri nini. Nyekundu! Kwenye usukani anaoshika mwanangu! Nilijua waganga wangapi wafungao nyekundu kwenye mlango wa mtu wamtakaye mabaya? Nikasoma nilichokijua kusoma, nikavifungua vyote kwa mkono wa kushoto. Sita nikavitupa kwenye pipa la takataka la barabarani. Cha saba nikakifunga pamoja na chumvi kwenye pindo la khanga, niwe nacho, nikipata shehe nimwonyeshe.

Mariamu akatoka mbio, mjukuu wangu Nuru begani, mtoto wa miaka mitatu ana homa, anampeleka kliniki. Mariamu alijua sheria ya Fundi. Kitambaa kikiwepo gari halijawa tayari, visipokuwepo ondoka. Akaangalia, havipo. Akamfunga mtoto nyuma, akawasha.

Fundi alikuwa anaingia getini kutoka msikitini. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alisimama katikati ya geti akainua mikono juu ya kichwa, akaikunja kama mkasi. Nikaona gari linamwendea. Nikaona uso wa Mariamu, anakanyaga breki na mguu unakwenda mpaka sakafuni kama amekanyaga maji. Fundi hakuondoka. Mariamu akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na gari likamgusa mzee magotini, likasimama. Nati za tairi la mbele zilikuwa zimeshikwa kwa vidole tu. Kwenye barabara kubwa mtoto angekuwa wapi?

Hakuniuliza kama ni mimi. Alinitazama tu mikono. Kisha akaenda kwenye pipa, akalipindua, akapekua maganda na mifupa mpaka akapata vitambaa sita. Akavikung'uta. "Moja hakuna," akasema. Nilikuwa nimesimama pale, pindo la khanga limenibana ubavuni kama jipu, nikasema sijui.

Nuru alipelekwa kliniki kwa teksi. Jioni Fundi alikuja mlangoni kutueleza, ili lisitokee tena. Akasema vitambaa vile si dawa. Kwenye ndege ya vita, ikiwa chini, kila kitu cha hatari kimefungwa pini yenye kitambaa chekundu. Kabla ya kuruka, mtu wa chini anazivuta zote, anasimama mbele ya rubani, anamwinulia mkononi. Rubani anahesabu. Zikitimia ananyoosha kidole gumba. Ikikosekana hata moja, haondoki.

Mariamu akamuuliza, kwa hiyo mzee ulikuwa fundi wa ndege? Akasema hapana, yeye ndiye aliyekuwa anahesabu. Mimi nikauliza ndege za wapi. Akataja nchi. Nikauliza mwaka gani. Akataja. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Nilimwambia binti yangu yule mtu asiguse tena gari lake. Nilimweleza mjomba wake alikufa vitani kwa ndege. Zaidi ya hapo sikusema, wala lori sikulitaja. Hata marehemu mume wangu hakujua habari ya lori. Mariamu ni mtu wa kazi, msimamizi wa usafi katika hoteli kubwa, wasichana arobaini wako chini yake, hana muda wa kulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, amesimama mbele ya gari halina breki kwa ajili ya Nuru. Wewe ndiye uliyevua vitambaa." Ilikuwa kweli, na ukweli ukiambiwa na uliyemzaa unauma mara mbili.

Tukapatana hivi: Fundi atengeneze, lakini mimi niwepo. Basi kila gari letu lilipofunguliwa nilitoa kiti cha plastiki, nikakiweka penye kivuli cha ukuta, nikakaa na tasbihi yangu, macho kwenye mikono yake. Sikumsalimia vizuri mwaka wa kwanza. Yeye hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu kwetu wapi. Nikamtajia. Spana ikaanguka chini ya gari, ikalia kwenye zege, na kwa muda hapakuwa na mkono ulioifuata. Hakuuliza tena.

Kwa kukaa pale ndipo nilipojua jinsi ya kutoa hewa kwenye breki, jinsi pedi ikiisha inavyokwaruza, jinsi plagi yenye masizi inavyosema injini inakula mafuta. Nuru akiulizwa shuleni bibi yako anajua nini, alijibu anajua breki. Na mjukuu wangu huyo, nisijisifu, anasoma Kiarabu na Kiingereza kama anakunywa uji.

Na mambo ya juu alinieleza akiwa chini. Hajawahi kunieleza amesimama. Ni miguu tu na sauti.

Alisema kwenye ndege ya vita hupandi, unafungwa, mikanda inapita mabegani na mapajani, mtu anakukaza kwa goti, kama mtoto anayekataa mbeleko. Barakoa inanuka mpira na jasho la aliyekutangulia. Alisema ukikata kona kali unakuwa na uzito wa watu watano. Mashavu yanashuka, damu inakimbilia miguuni, rangi za dunia zinaondoka kwanza, nyekundu kabla ya kijani, halafu macho yanabana mpaka unaona tobo dogo, kama unachungulia kwenye bomba la moshi. "Hapo unakaza tumbo kama mama anayezaa," akasema, "ukilegeza, unalala, na ndege haijui kama umelala."

Nilimuuliza kuhusu kelele. Nilikuwa na sababu zangu.

"Huko juu kelele hakuna," sauti ikasema. "Kelele tunaacha nyuma. Inafika kwenu sisi tumeshapita."

Nikaacha kuvuta tasbihi. Ni kweli. Ile ya kwanza niliiona kabla ya kuisikia. Ilikuwa inametameta tu juu ya migomba, bila sauti, nzuri kama kijiko.

Vyuma alivisafisha kwa mafuta ya taa kwenye kopo. Siku moja aliniletea kopo puani, akaniambia hiyo ndiyo harufu ya vita, ndege zile zinakunywa kitu kama hicho. Kwetu ilikuwa harufu ya koroboi, harufu ya mama anapika. Nikamwambia aliondoe.

Mambo mengine ya Fundi hayakukaa pamoja, utafikiri watu wawili wamegawana ngozi. Aliyeruka juu ya mawingu hakukubali kupanda hata ghorofa ya kwanza ya vila. Kijana wa Kenya akitaka kumpa chai, aliishusha. Ghuba alikuja kwa meli, na kwao hakurudi miaka yote hiyo kwa sababu, alisema, hawezi kupanda ndege ambayo hajaizunguka. Gari lolote kabla ya kuingia alilizunguka kwa miguu, kuanzia kushoto, akiligusa kila kona. Alikuwa mkarimu, lakini hakumshika mtoto mkono. Nuru akimnyooshea mkono alijifanya mkono wake una oili, hata akiwa ametoka kuoga. Alikula ndizi zetu za kupika kama mimi, za kumenya na kufunika, na tulilaumu pamoja zile za dukani kwa Mhindi kwamba hazina utamu. Kwa saa moja nzima tungekaa tukisema ubaya wa ndizi. Kisha nakumbuka, nainuka na sahani yangu.

Na alikuwa na gari lake mwenyewe. Lilikuwa saluni kuukuu pembeni mwa uani, halina namba, halijapita ukaguzi tangu sijui lini. Alilitengeneza kila wiki na halikuondoka hata hatua moja. Alilala chini yake hata siku ambazo hapakuwa na cha kutengeneza. Huko alikuwa anaongea. Mara ya kwanza nilidhani ni simu. "Namba mbili," anasema, taratibu, "niko kushoto yako. Namba mbili, unaniona?" Ananyamaza kiasi cha mtu kujibiwa. Anasema, "Basi sawa." Nilimuuliza nani. Akasema mwenzake. Ndege zilikuwa zinakwenda mbili mbili, na mwenzake alianguka na ndege yake siku nyingine, si mbali na nyumbani, wakati wa kutua.

Kila akimaliza gari la mtu, anamwonyesha vitambaa sita mkononi, anasema, "Moja hakuna." Alisema hivyo kila mara, kama wengine wasemavyo bismillahi. Nami mara zote nilikuwepo, na cha saba kilikuwa chumbani kwangu ndani ya sanduku, bado kimefungwa na chumvi yake. Ningeweza kukirudisha. Sikukirudisha. Mwanzo ilikuwa hofu, baadaye ikawa kitu kingine. Yeye alikuwa na changu, basi na mimi nikae na chake.

Nuru alikuwa na miaka sita, umri wa Ishaka, mchana ule aliponijia jikoni. Nilikuwa nachambua mchele. Akaniuliza kama Fundi ana mjukuu.

"Hana," nikamwambia. "Kwa nini?"

"Kuna mtoto amelala naye chini ya lile gari bovu."

Nikaweka ungo chini. Nikamuuliza mtoto gani. Akasema hakumwona uso, ameona miguu tu, midogo, karibu na ya Fundi. Nikamuuliza amevaa nini. Akasema hana viatu, na akacheka kwamba zege lina moto, hataungua?

Ishaka hakuwahi kuvaa viatu. Nilitoka. Uani jua limesimama, hakuna kivuli kokote. Chini ya gari kulikuwa na miguu miwili, ya Fundi, na ndara zake. Niliitazama mpaka macho yakajaa maji. Sauti yake ilikuwa inaongea huko chini, lakini safari hii haikusema Namba mbili. Ilikuwa inabembeleza, kama unavyombembeleza mtoto asiogope mvua. Nilirudi ndani nikamaliza mchele. Sikumwambia mtu. Mpaka leo Nuru akikumbushwa anasema hakumbuki.

Mwaka huu watoto wa mwenye nyumba wametuarifu vila inabomolewa. Sisi tumepata pengine, Umm Salal. Fundi figo zake zilikuwa zimechoka, mikono inatetemeka kama ya mlevi, na ana binti kwao aliyesema aje afie nyumbani. Tiketi ikakatwa. Mariamu akajitolea kumpeleka uwanja wa ndege. Fundi akasema hawezi kupanda gari lenye breki asizozijua, kwa hiyo akazibadilisha mwenyewe, siku mbili, kazi iliyokuwa inamchukua saa mbili. Nilikaa kwenye kiti changu nikiona spana inavyomkosa mdomo wa nati, inapiga pembeni, inarudi. Wakati mwingine alishika mkono mmoja kwa mwingine ili uache kucheza.

Siku ya safari, baada ya adhuhuri, alivaa kanzu safi akakaa kwenye gogo. Mariamu alikuwa ndani anamvalisha Nuru. Mtoto alitaka lazima amsindikize. Tulikuwa wawili uani. Nikaingia chumbani, nikatoka na pindo la khanga nililolikata zamani, nikalifungua mbele yake. Chumvi ilikuwa imeganda, kitambaa kimepauka kama ufizi.

Hakushtuka. "Mimi nilijua iko kwako," akasema. "Kitambaa haipotei ndani ya ukuta."

"Mbona hukudai?"

"Ilikuwa mahali yake."

Basi nikauliza. Miaka saba nililipanga swali lile kwa maneno mengi mazuri, na lilipotoka lilikuwa fupi. Nilimtajia kijiji, nikamtajia mchana ule, siku ya kwanza ndege zilipokuja. Nikamwambia, ulikuwa wewe?

Akatazama mikono yake. "Tulikuwa wawili," akasema. "Moja bomu yake ilianguka ziwani. Moja ilianguka barabarani. Juu kule ukivuta, huoni tena, unakaza tumbo, dunia inakuwa tobo. Namba mbili hakukaa siku nyingi kuniambia yake ilikuwa gani. Siku moja naamka, nakumbuka maji. Siku nyingine naamka, nakumbuka lori." Akaongeza: "Turubai ya kijani."

Sikuwa nimetaja lori. Kwa mtu yeyote, kwa miaka yote hii, sikuwa nimetaja lori, na turubai lilikuwa la kijani.

Viyoyozi vilikuwa vinaunguruma. Paka alipita. Nilitazama koo la yule mzee, jembamba, na mikono yangu ni ya mwanamke aliyelima. Nitasema ukweli, niliwaza kulikaba. Kisha nikamshika mkono, ule ambao hakuwahi kumpa mtoto, ukatulia ndani ya wangu kama kifaranga. Nikakifunga kile kitambaa kwenye kifundo cha mkono wake, mafundo mawili.

"Kitambaa kikiwepo?" nikamuuliza.

"Kazi bado," akasema.

"Basi kazi bado. Nenda nacho."

Hakukivua. Alivuta mkono wa kanzu kikaonekana.

Mariamu akatoka na funguo, Nuru nyuma yake na viatu vya sikukuu. Fundi akamuuliza Mariamu kama kule uwanjani watamruhusu kuizunguka ndege. Mariamu akasema hawatamruhusu, mzee wangu. Akasema basi atazunguka hii, na akalizunguka gari letu kuanzia kushoto, kona kwa kona, kiganja kikiburuzika kwenye bati. Akaingia mbele. Nuru akaingia nyuma, akavuta mkanda. Mariamu hakuwasha. Alinitazama mimi kupitia dirishani, maana aliona uso wangu, na alikuwa ameona ile mikono inavyotetemeka. "Mama?" akasema. "Nuru abaki?"

Vitambaa sita vilikuwa juu ya gogo. Nikaviokota. Nikaenda nikasimama mbele ya gari, mgongo wangu kwenye geti, pale alipopata kusimama yeye, nikaviinua mkononi kama nilivyomwona akifanya. Nyuma ya kioo midomo yake ilihesabu. Ilifika sita, ikasimama. Kisha akainua kifundo chake. Saba. Akanyoosha kidole gumba, kikitetemeka.

Nikamwambia Mariamu, "Nendeni wote."

Gari likaja kwangu taratibu, likasimama hatua moja mbele yangu, bila kulia, bila kuyumba. Breki nzuri. Nikafungua geti, nikasogea, wakapita. Nuru alinipungia mpaka kwenye kona.

Nilirudi uani peke yangu. Jua lilikuwa utosini, sikuwa na kivuli. Lile gari lake bovu lilikuwa pembeni pale pale. Niliketi chini kwenye zege la moto, nikaliegemea bila kuinama kutazama, na kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtoto chakula, nikasema: Ishaka, toka sasa. Zimekwenda.